Maswali ya Wasomaji: Hati ni ya mashine ya boti, mbona wamefungua kopo la sukari?

SWALI: Polisi walikuja na hati ya upekuzi wakitafuta mashine ya boti iliyoibwa mwaloni (boti zinapotia nanga). Walikagua banda, wakaingia jikoni, wakafungua hadi kopo la sukari, kisha wakaondoka na simu yangu na fedha. Hati inawaruhusu? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Anza kwa kusoma hati yenyewe: imetaja nini? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 38 (kwa namba za toleo la 2022), inaruhusu kutafuta kitu kilichohusika na kosa, kitu kinachoweza kuwa ushahidi wake, au kinachokusudiwa kutumika kutenda kosa. Wengi hudhani hati lazima itoke kwa hakimu. Sivyo. Mkuu wa kituo anaweza kuitoa pale ambapo kuchelewa kungefanya kitu kiondolewe au kiharibiwe, kisha hakimu apewe taarifa mapema.

Kama hati inataja mashine peke yake, kopo la sukari halina hoja. Mashine haiingii humo. Ikiwa imeongeza “na nyaraka za mauziano”, mambo yanabadilika: risiti hukunjwa ikaingia popote. Simu nayo huchukuliwa ikidhaniwa ina mawasiliano ya kuuza mashine hiyo. Fedha ndizo zenye utata. Waulize zinahusianaje na kosa, jibu lao uliandike.

Usizuie upekuzi, utajiongezea kesi. Nguvu yako iko kwenye stakabadhi. Kila kilichochukuliwa lazima kiandikiwe, na stakabadhi isainiwe na mwenye nyumba, ndugu wa karibu au anayeisimamia, pamoja na mashahidi kama wapo. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mapema, si wakati polisi wanapanda gari. “Simu moja na fedha taslimu” haitoshi hata kidogo: andikeni aina, rangi na namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe (bonyeza *#06#), na fedha zihesabiwe kwa sauti, noti za 10,000 ngapi, za 5,000 ngapi. Nafasi tupu ipigwe mstari kabla hujasaini.

Kama hukupewa stakabadhi, mwandikie mkuu wa kituo ukiiomba, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kesi ikishafika mahakamani, ombi la kurudishiwa mali lipeleke kwa hakimu. Ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria mahakama inaweza kuukataa, ila haukataliwi moja kwa moja, hupimwa.

SWALI: Na wakija saa 4 usiku bila hati? (Msomaji, Ng’ambo, Tabora)

JIBU: Hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo, Jumapili ikiwemo, usiku ni kwa kibali cha mahakama. Bila hati, lazima pawe na dharura ya kweli: kitu kinaweza kupotea na uzito wa jambo hauruhusu kusubiri. Omba vitambulisho, uliza dharura ni ipi. Mwanamke apekuliwe mwilini na mwanamke tu, kwa staha, hata kama itabidi askari wa kike aitwe kutoka kituoni.