Yule kuku aliyeokoka

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku ule ule, nikairudia asubuhi nikiwa bandani kwa ng'ombe, ndo maana nimechelewa kujibu. Unasema umepunguzwa kazini, kodi ya nyumba inakudai, halafu Jumapili mchungaji akasema tusimame tumshukuru Mungu kwa yote, we ukabaki umekaa. Unataka kujua kama ulikosea, na kama inabidi umshukuru Mungu kwa kupoteza kazi.

Mimi siku zote nasema, mtu akishukuru ataje kitu. Mnanijua, mmekua nikiwakatisha sala ya chakula, "asante kwa kila kitu" kwangu haijawahi kupita, kitu gani, taja.

Sasa unamkumbuka Mlokole. Kuku unamkumbuka, ila ulikuwa darasa la pili, upande wangu hukuujua.

Mwaka 2001 kahawa ilianguka bei dunia nzima, sisi huku tukaja kujua siku ya malipo. Tulichuma, tukamenya, tukaosha, tukaanika, karibu kila punje imepita mkononi mwangu, halafu hela yenyewe haikurudisha hata ya dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Wenzetu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, baba yenu akakataa, hiyo tuiache maana tutagombana na marehemu. Ikafika sikukuu ya mavuno sina kitu. Nikambeba yule tetea, yule yule wa mayai ya kununulia madaftari yenu, nikampeleka mpaka madhabahuni. Ukiniuliza kama ilikuwa shukrani, hapana, ilikuwa aibu tu, niliogopa kuonekana nimeingia mikono mitupu.

Baada ya ibada, mnada. Mzee wa kanisa akamnyanyua kuku kwa miguu, akasema, "Huyu naye alikuwa kwenye mfungo?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu, hicho ndo kinaniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao. Yule mzee tulishamzika, nimeimba msibani kwake huku namuwaza kuku.

Mtu mmoja akasema mia tano. Kimya. Mara nikasikia sauti kule nyuma kwenye uzio, baba yenu, mtu ambaye tangu yale malipo alikuwa hajakanyaga kanisani: "Elfu mbili!" Hiyo elfu mbili ilikuwa ya mafuta ya taa na sukari! Akanunua kuku wake mwenyewe. Njia nzima nimemnunia, yeye kambana kuku kwapani anacheka peke yake. Usiku tukakaa gizani na moto wa mafiga tu, na wewe ukauliza eti kuku akipelekwa kanisani halafu akarudi nyumbani, ndo ameokoka? Baba yenu alicheka hadi akapaliwa. Mimi hasira zilikuwa bado, lakini kicheko kikanishinda. Halafu akafumba macho akasali, "Asante kwa kuku." Sala nzima ndo hiyo. Mnadhani hii ya kutaja kitu ni yangu, ni yake.

Sasa Maandiko. Kwa muda mrefu nilijikinga na Wathesalonike, shukuruni kwa kila jambo, maana mwalimu wa Biblia alitufundisha kwamba Kigiriki chake pale ni katika kila jambo, siyo kwa ajili ya hilo jambo. Nikafurahi, nikaona basi nimeshinda kesi. Kumbe kuna Waefeso 5:20, kwa mambo yote, na mwalimu huyo huyo akasema hapo sasa ni kwa ajili ya hayo mambo. Nikanyamaza. Tena Paulo siyo mtu wa kusema akiwa kwenye sofa, kule Filipi yeye na Sila walipigwa bakora wakafungwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wanaimba. Sasa Matendo haisemi waliimba asante kwa bakora. Lakini pia haisemi hawakuimba hivyo. Inasema walikuwa wanaomba na kusifu, na mtu anayeomba si ana kitu kimepungua? Naona nazunguka tu.

Kama ulikosea kubaki umekaa? Jibu ninalo, unanijua, liko hapa kooni. Ila baba yenu naye alikaa nje ya uzio miezi na hakuna aliyemfuata, hata mimi mke wake sikumwambia njoo, niliona aibu nayo. Kwa hiyo sisemi. Jumapili hii lakini, kama ungeweza tu... basi, nimesema sisemi.

Nimekutumia ndizi na basi la Jumatano, ukazipokee mapema zisije zikaiva stendi. Kuna na ndoo ya maharage, usiimwage kwa pupa, mayai nimeyafukia humo ndani. Ni ya kizazi cha Mlokole, au labda najidanganya maana majirani nao wana majogoo.

Mama yako