Kwa nini aliyepanda soya hulipwa ruzuku ya mahindi?

Swali: Mimi ni mhasibu wa ushirika wa wakulima wa mahindi upande wa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Nimesoma orodha ya ruzuku za serikali kwa wakulima wa kaunti moja ya Iowa, Marekani, kwa mavuno ya 2016. Mmoja alipanda soya akalipwa kwa mahindi, na mwingine anaishi mjini. Je, huo ni udanganyifu? Na jimbo letu la Haut-Katanga lingeweza kuiga mpango huo?

Jibu: Ndugu mhasibu, la kwanza linaweza kuwa halali kabisa, kwa sababu ruzuku hiyo hailipwi kwa gunia lililovunwa wala kwa mbegu iliyopandwa mwaka huo. Hulipwa kwa ekari za msingi, yaani eneo ambalo kumbukumbu za serikali hulihesabu kuwa la mahindi kutokana na kilimo cha miaka iliyopita. Sheria ya kilimo ya 2014 iliwaruhusu wenye mashamba kuzigawa upya kwa kufuata walichopanda kati ya 2009 na 2012.

Chukua shamba la mfano lenye ekari 100 za msingi, kama hekta 40, na mavuno ya kumbukumbu ya busheli 120 kwa ekari (busheli ya mahindi ni kilo 25.4). Bei ya kulinganishia iliyowekwa na sheria ilikuwa dola 3.70 kwa busheli, na wastani wa bei ya soko kwa mavuno ya 2016 ukawa dola 3.36. Pengo, ambalo ndilo linalolipwa, ni senti 34. Zizidishe kwa busheli 120, kisha kwa ekari 85, kwa kuwa hulipiwa asilimia 85 tu ya ekari za msingi, nawe utapata dola 3,468 kabla ya makato. Alichovuna mkulima mwaka ule hakimo popote katika hesabu hiyo, na malipo yalianza Oktoba 2017, baada ya mwaka wa soko kufungwa.

Upo pia mpango wa pili, ambao wakulima wengi wa mahindi waliuchagua wakati huo: mapato ya kaunti nzima kwa ekari yakishuka chini ya asilimia 86 ya kawaida yake, waliojiandikisha hulipwa. Manung'uniko huzaliwa hapo, kwa maana aliyegharikiwa peke yake katika kaunti iliyovuna vizuri hapati kitu, huku mwenzake wa ng'ambo ya mpaka wa kaunti akipokea. Hasara ya shamba moja imeachiwa bima ya mazao. Bei ya kulinganishia na kile kiwango cha asilimia 86 vilipandishwa na sheria ya 2025, kwa hiyo usichanganye viwango vipya na orodha ya zamani.

Kuhusu mtu wa mjini, uliza kwanza mkataba wake. Aliyekodisha shamba kwa fedha taslimu hana haki ya malipo, bali anayegawana mavuno na mkulima hugawana naye ruzuku pia.

Kuiga mpango huu kwetu nisingeshauri. Sheria yetu ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na vijijini wengi hulima kwa idhini ya chifu, bila hati yoyote. Tukilipa kwa historia ya shamba, atakayepokea ni mwenye karatasi, ambaye mara nyingi hashiki jembe. Afadhali ruzuku ya mbegu na mbolea, kama wafanyavyo jirani zetu wa Zambia, mradi ifike kabla ya mvua za Novemba, kwani mbolea ya kupandia ikiletwa Januari haina kazi tena. Ushirika wenu uanze sasa na daftari la kila msimu: jina la mlimaji, eneo lililopimwa, zao na magunia, na sahihi ya chifu.