"Put off" sio kufuta

Msomaji kauliza: "Bosi katuma meseji, 'The meeting has been put off', mi nikajua kikao kimefutwa nikaendelea na mambo yangu, kumbe wenzangu wanasubiri tarehe mpya. Put off ni nini hasa?"

Pole sana ndugu yangu, wengi wanateleza hapo. Shida inaanza ukitafsiri neno moja moja, "put" ni weka, "off" ndo ile ya kuzima au kuondoa, ukijumlisha hupati kitu cha maana. Ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili akutane na piga pasi, piga simu, piga mswaki, afu aanze kutafuta nani kapigwa, atahangaika sana. Maneno yameshikana, maana inachukuliwa kwa pamoja.

Kwahiyo bosi alisema kikao kimeahirishwa, yaani kipo ila kimesogezwa mbele. Kufutwa kabisa ni "call off", angeandika "has been called off" hapo sawa ungeendelea na mambo yako. Na hili hata kwenye Kiswahili chetu linanikera, mtu anasema safari imeahirishwa huku anajua haipo tena! Ahirisha tumeitoa Kiarabu, shina moja na akhera, wazo lake ni kitu kuja baadaye, sio kutokuwepo.

Kuna maana nyingine watu wanaisahau, kumkata mtu hamu. "The smell put me off", yaani ile harufu ilinikata stimu kabisa. Hapa anayekatwa hamu ni mtu, ndo utajua haihusiani na kuahirisha. Ya kuzima taa, "put the light off", nayo ipo, ila "turn off" na "switch off" ndo utazisikia zaidi.

Kwenye kuitumia, "it" inakaa katikati, "put it off", usiseme "put off it". Kitendo kikifuata kinabeba -ing, "I put off calling him", sio "to call". Na "put" haibadiliki hata ukisema ya jana, hakuna "putted".

Ukiona "until" imefuata, mfano "put off until Friday", ujue tarehe ipo, call off haikai hivyo. Isipokuwepo, kama kwenye meseji yako, mjibu tu bosi, "Until when?"