Maswali ya Wasomaji: Chuchu ya chupa kwa mtoto anayenyonya

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakaribia kwisha, na mwanangu, ambaye ni wa kwanza, ananyonya vizuri bila kupewa kitu kingine chochote. Nakusudia kukamua maziwa na kuyaacha nyumbani ili mdogo wangu amlishe nikiwa kazini. Katika duka moja mjini nilioneshwa chupa ambayo kasha lake limeandikwa kwamba chuchu yake ni sawa na titi la mama, na bei yake ni karibu mara tatu ya chupa nyingine. Je, ipo kweli chuchu ya namna hiyo? Nitaitambuaje iliyo nzuri? – Mama Nasra, Ujiji

JIBU: Mama Nasra, hongera kwa mtoto, na hongera kwa kumlisha maziwa yako peke yake mpaka sasa. Hakuna chuchu ya kiwandani iliyo sawa na titi, na kasha linalosema hivyo linaahidi kisichowezekana. Hata hivyo, zipo chuchu zinazomvuruga mtoto kidogo kuliko nyingine, na tofauti zake unaweza kuziona kwa macho na kuzipima kwa mkono wako mwenyewe.

Anza kwa kumtazama mwanao anaponyonya. Mtoto aliyeshika titi vizuri hashiki chuchu peke yake, bali hupanua kinywa na kuingiza pia sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka, na chuchu huvutika ndani hadi karibu na pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Anaposhusha ulimi na taya, nafasi iliyo ndani ya kinywa huongezeka, na mvuto unaotokea hapo ndio unaotoa maziwa. Mwanzoni hutoka machache, kwa hiyo hunyonya harakaharaka, karibu mara mbili kwa sekunde, mpaka homoni ya oksitosini iyasukume. Yakishaanza kushuka, hupunguza mwendo hadi karibu mara moja kwa sekunde na utamsikia akimeza. Kisha maziwa hupungua, naye hutulia kidogo, hupumua, halafu huanza tena. Kwa muda wote huo ni mtoto anayeamua aanze lini, apumzike lini na aache lini.

Chupa iliyoinuliwa humnyang'anya uamuzi huo, kwa sababu maziwa hushuka yenyewe hata asiponyonya, na yakishajaa kinywani hana la kufanya ila kumeza au kupaliwa. Watu wengi wakimwona mtoto anagugumia chupa husema alikuwa na njaa kali, ilhali mara nyingi anahangaika tu kulinda pumzi yake. Kwa hiyo jambo la kwanza unalotafuta katika chuchu ni utokaji wa polepole. Usiitegemee namba wala neno lililoandikwa juu yake, kwa kuwa vipimo vilivyofanywa Marekani vilionesha kwamba chuchu za kampuni mbalimbali zinazoitwa za polepole hutofautiana sana. Tia maji kwenye chupa, igeuze kichwa chini na utazame: yanapaswa kudondoka tone baada ya tone. Yakitiririka, chuchu hiyo haimfai. Wala usibadilishe kwenda namba kubwa zaidi kwa sababu tu kasha linasema mtoto wa miezi mitatu anaihitaji. Titi lako halipanui matundu yake kila baada ya miezi mitatu, na mtoto anayelishwa vizuri kwa namba ndogo hana sababu ya kuiacha.

Jambo la pili ni umbo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Chuchu yenye kitako kipana huonekana kama titi inapokuwa dukani, lakini nyingi za aina hiyo zina kincha kifupi chembamba kilichosimama ghafla juu ya kitako bapa. Mtoto hufumba midomo juu ya kile kincha na kufyonza kama anayetumia mrija, na kile kitako kipana kinabaki nje bila kazi. Chagua ile inayopanuka taratibu kutoka nchani hadi kitakoni, ili midomo ishuke hadi kwenye mteremko wake na kubaki imepanuka. Anapokula, mtazame kwa karibu: ukiona midomo imejikunja kwa ndani, mashavu yanabonyea, au unasikia mlio wa ulimi ukiachia na kushika tena, chuchu hiyo haijamkaa vizuri kinywani, hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Chuchu iwe laini kiasi cha kunepa kwenye ulimi, lakini isibonyee na kushikamana. Maziwa yanapotoka ni lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake; isipoingia, chuchu hujikunja na mtoto hulazimika kuiachia. Ndiyo maana zipo chuchu zenye kitundu kidogo cha hewa pembezoni, na ni vizuri kukikagua baada ya kuosha kwa sababu huziba kwa mafuta ya maziwa.

Pamoja na hayo yote, ningependa utumie muda mwingi zaidi kumfundisha mdogo wako kuliko kuzunguka madukani, kwa kuwa chuchu bora ikishikwa vibaya haitasaidia. Amkalishe mtoto karibu wima, kichwa kikiwa kimeegemezwa mkononi, wala asimlaze chali. Aguse mdomo wa juu kwa ncha ya chuchu na asubiri; mtoto mwenyewe apanue kinywa na kuivuta ndani. Chupa ilale karibu sambamba na sakafu, maziwa yajae nchani tu. Baada ya kumeza mara kadhaa, aishushe chupa kidogo bila kuitoa kinywani, ili mtoto apumue, kisha airudishe atakapoanza tena kunyonya. Katikati ya mlo amhamishie mkono wa pili, kama unavyobadilisha titi. Mtoto akigeuza uso, akifumba kinywa au akikunjua vidole vyake vilivyokuwa vimefumbatwa, ameshiba, na kilichobaki kisilazimishwe. Wamalize bila haraka. Dakika kumi na tano au ishirini si nyingi. Zoezi hili walianze siku kadhaa kabla hujarudi darasani, wewe ukiwa mbali kidogo, kwa sababu watoto wengi hukataa chupa wanaposikia harufu ya mama.

Maziwa uliyoyakamua hukaa saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Ujiji mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo yawekwe kwenye friji au kwenye kasha la barafu. Tena, Mwalimu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ile iliyokupa siku 84, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumlisha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kama nyumbani si mbali na shule, zungumza na mkuu wako mapema kuhusu ratiba ya vipindi. Kila mlo atakaoupata titini utakuwa mlo mmoja usiohitaji chupa.

SWALI: Mjukuu wangu ana miezi minne. Mama yake anauza dagaa Kibirizi, hutoka alfajiri na kurudi mchana, naye humwachia maziwa aliyoyakamua. Mtoto alikuwa anachelewa sana kumaliza, nikatoboa chuchu kwa sindano niliyoipasha moto kwenye mkaa, na sasa anamaliza upesi. Lakini mama yake akimpa titi, mtoto anajinyonganyonga, analia na kuliachia. Majirani wanasema maziwa ya mama yamechacha kwa jua. Je, ni kweli? – Bibi, Mwandiga

JIBU: Shikamoo Bibi. Maziwa yaliyo ndani ya titi hayachachi kwa jua wala kwa uchovu, na ninakuomba usikubali mtu yeyote amwambie mkweo au binti yako maneno hayo, kwa sababu akina mama wengi wameacha kunyonyesha kwa kuambiwa hivyo.

Kinachomliza mjukuu wako ni kile kitundu. Umekitoboa kwa nia njema ya kumrahisishia mtoto kazi, na kazi imerahisika mno: chupa inampa maziwa papo hapo, wakati titi linataka anyonye kwa muda, mara nyingi dakika nzima au zaidi, kabla maziwa hayajashuka. Mtoto aliyezoea kupata bila kusubiri hukasirika akisubirishwa. Wapo wanaosema mtoto huyo amechanganyikiwa kati ya chuchu mbili. Mimi naona hajachanganyikiwa hata kidogo, anajua vizuri sana upande upi maziwa yanakuja haraka.

Chuchu hiyo itupwe leo. Tundu lililotobolewa kwa sindano ya moto halina ukubwa unaojulikana, kingo zake huchanika, na kipande kinaweza kukatika kinywani. Zaidi ya hayo, mtoto anayemwagiwa maziwa hupaliwa kwa urahisi, na hupitiliza shibe kabla tumbo halijapata nafasi ya kumwambia imetosha, kisha hucheua sehemu kubwa ya alichokula. Nunua chuchu mpya ya polepole, mlishe kwa namna niliyomweleza Mwalimu hapo juu, na umwache achelewe. Kuchelewa kule kulikokuhangaisha kulikuwa ndiyo kasi yake. Mama yake anaporudi ampe titi kabla mtoto hajalia kwa njaa kali, na aanze kwa kukamua matone machache hadi maziwa yashuke, ili mtoto ayapate mara anaposhika. Kwa siku chache za mwanzo atalalamika, mvumilieni.

Naongeza jambo moja kwa kuwa najua hufanyika: usimtilie uji kwenye chupa na kuikata ncha ya chuchu ili upite. Uji utaanza akitimiza miezi sita, na utaliwa kwa kijiko na kikombe.

SWALI: Kuna chuchu iliyobanwa upande mmoja ambayo muuzaji aliniambia inazuia meno ya mtoto kuota yakiwa yamepinda, na kwamba ndiyo inayofanana zaidi na titi. Ina ukweli? – Baba Daudi, Kasulu

JIBU: Umbo hilo si geni. Lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1950 na wataalamu wawili wa meno, Wilhelm Balters na Adolf Müller, na likaanza kuuzwa mwaka 1956 kwa jina la NUK. Wazo lao lilikuwa la busara: titi hubonyea kati ya ulimi na kaakaa, kwa hiyo na chuchu ya chupa iwe bapa upande wa ulimi. Tatizo ni kwamba titi hubadilika umbo kila mtoto anaponyonya, ilhali chuchu hii ina umbo lake tayari na kinywa ndicho kinacholazimika kulifuata. Ikigeuzwa juu chini, faida iliyokusudiwa inapotea. Kinachohusishwa na mpangilio mzuri wa meno na taya ni kunyonya titi lenyewe kwa muda mrefu, na sijaona ushahidi wa kutosha wa kuipa chuchu yoyote sifa hiyo. Kama mwanao anaipokea bila shida, itumie. Usiinunue kwa ajili ya meno.

Tena fahamu kwamba Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vyakula Mbadala wa Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, inahusu pia chupa na chuchu, na inakataza kuzitangaza kwa wananchi. Muuzaji anayekufuata na sifa za kitabibu za chuchu anafanya jambo ambalo Kanuni hiyo iliwekwa kulizuia.

SWALI: Silikoni au mpira, ipi bora? – Msomaji, Uvinza

JIBU: Mpira wa asili, ule wa rangi ya kahawia, ni laini na hunyumbulika zaidi, lakini huzeeka upesi kwa joto, jua na mafuta, hunata, na watoto wachache hupata mzio. Silikoni ni angavu, huvumilia kuchemshwa mara nyingi, ila huchanika mtoto akianza kuota meno. Kwa joto la kwetu ningechagua silikoni. Yoyote utakayochukua, ioshe kwa sabuni ndani na nje, ichemshe ikiwa imezama majini, na usiianike juani. Ivute kwa vidole kila asubuhi; ikiwa imevimba, imepasuka au inanata, itupe.

SWALI: Nilijifungua mtoto njiti. Wauguzi walikataa chupa niliyonunua na wakanifundisha kumlisha kwa kikombe kidogo. Kwa nini wasikubali chuchu ndogo ya watoto wachanga? – Mama Neema, Kibondo

JIBU: Mama Neema, walifanya sawasawa. Uwezo wa kuratibu kunyonya, kumeza na kupumua kwa mtoto huanza kukamilika karibu na wiki ya 34 ya ujauzito, na aliyezaliwa kabla ya hapo hawezi kujilinda na maziwa yanayomwagika kutoka kwenye chupa, hata chuchu iwe ndogo kiasi gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 unasema kwamba njiti asiyeweza bado kunyonya moja kwa moja alishwe kwa kikombe au kijiko kuliko chupa. Kikombe ni rahisi pia kuosha, maana hakina kona za kuficha vijidudu.

Endelea kumkalisha wima, ukingo wa kikombe ukiegemea mdomo wake wa chini kwa wepesi, maziwa yakigusa midomo tu. Usimmiminie, atayalamba au kuyafyonza mwenyewe. Kati ya milo mweke kifuani ngozi kwa ngozi na umwache alitafute titi, hata kama kwa sasa analamba tu. Siku atakayolishika na ukamsikia akimeza, waambie wauguzi wampime uzito kwa ukaribu zaidi, kisha punguzeni kikombe kidogokidogo kadiri uzito unavyopanda.