Mwewe huja na macho, kicheche huja na pua

Wiki hii mmeuliza kama rangi ya manyoya inachangia kuku wa nyumbani kukamatwa na mwewe na wanyama wengine. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Muheza, nyuma ya nyumba, katikati ya michungwa. Jibu langu: mwulize kwanza adui amekuja saa ngapi.

Mchana mwenye uwanja ni mwewe, naye anawinda kwa macho. Binadamu tuna aina tatu za chembe za kuonea rangi, ndege wana nne. Kwa hiyo kuku mweupe pe juu ya udongo wetu huu mwekundu ni kama shuka iliyoanikwa. Kinyume chake, nina mtetea mmoja wa rangi ya majani makavu, mgongo una michirizi ya kahawia na nyeusi. Mwaka juzi alipotea, nikamhesabu ameliwa. Kumbe alikuwa anaatamia kwenye rundo la majani ya mgomba, hatua kumi tu kutoka jikoni, mahali ninapomwaga maji kila siku. Akatoka na vifaranga tisa.

Ila rangi husingiziwa mengi. Niliwahi kununua vifaranga weupe kumi wa mashine, na ndani ya mwezi mwewe akachukua sita. Wa mtetea mweusi, waliokuwa wakizunguka uwanja huohuo, walikwenda wawili tu. Mama mkwe akasema si nilikuambia, weupe wanamwita mwewe! Nikakubali, mpaka asubuhi moja nilipokaa na kigoda changu nikatazama. Kivuli kilipita uwanjani. Jogoo akatoa mlio mmoja, mwembamba, wa kuvuta, si ule wa ko-ko-ko-ko anaopiga akiona paka. Vifaranga wa mtetea wakazama chini ya mbawa za mama yao. Weupe wa mashine wakabaki wamesimama, shingo juu, hawana wa kumkimbilia. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, sawa, lakini pa kujificha anapewa na mama.

Uzao uliofuata nilimwekea mtetea mmoja mayai mchanganyiko. Wakatoka weupe wanne na weusi watano, wote wakalelewa pamoja. Mwewe alichukua mmoja kila upande. Vifaranga tisa si utafiti, najua, lakini tangu hapo nimeacha kuulaumu weupe peke yake.

Usiku rangi haina kazi kabisa. Kicheche na fungo wanakuja kwa harufu, na macho yao gizani hayana haja ya kujua nani mwekundu nani wa madoa. Nilikuta watano chini asubuhi moja, wa kila rangi, wameng'atwa shingoni, kwa sababu ya upenyo wa ngumi moja chini ya mlango wa banda. Nguchiro naye huja mchana, lakini anapita chini kwenye nyasi, na mwenye hasara ni kuku aliyeachana na kundi, awe wa rangi yoyote.

Wengine huwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Jirani yangu alitumia GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Wiki mbili za kwanza mwewe alizunguka tu juu, akaondoka. Ya tatu akashuka. Akaruka na wa zambarau kuelekea minazini, tukawa tunamwona kutoka mbali kuliko tulivyowahi kumwona kifaranga yeyote.

Mimi siku hizi nawafunika kwa tenga wiki tano za mwanzo, na ule upenyo nimeuziba kwa bati. Weupe ninao watatu, wote wanataga. Mama mkwe bado hawataki. Sasa anasema wanachafuka haraka.