Kuosha gari nje ya nchi: bei, faini, na maji machafu yanaenda wapi

Mkuu umeuliza mambo mawili, kwamba unahamia Ujerumani na baadae labda Uingereza, je kuosha gari huko ni bei gani, na je ukitoka na ndoo yako na kitambaa ukaosha mwenyewe mbele ya nyumba kuna shida. Naona wengi wamekujibu bei tu. Bei ndo sehemu rahisi, ila hutaielewa kama hujajua kwamba huko wanaotunga sheria hawajali gari yako inang'aa vipi, wanachouliza ni maji machafu yameenda wapi. Nimekaa Ujerumani miaka kadhaa, Uingereza nimesoma, Marekani naenda kwa ndugu zangu, na kote nimekuwa na gari au nimeendesha ya mtu, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Ujerumani jibu fupi ni usioshe nyumbani. Hamna sheria moja ya nchi nzima inayotaja ndoo yako, ila ipo sheria ya maji inayokataza kuchafua maji ya ardhini na mito, na faini yake kwa juu kabisa inafika euro 50,000, alafu kila halmashauri inaweka kanuni zake juu ya hapo. Mtu wa ndoo na sabuni hafikii hizo hela, lakini faini ya kukuuma utapata, na majirani wa kule wanapiga simu kweli, hawakusubirii. Sehemu nyingine wanaruhusu maji matupu bila sabuni kwenye eneo lililosakafiwa, sehemu nyingine hata hayo hawataki. Kuosha injini nyumbani ndo usithubutu kabisa, ile oili ikishuka kwenye udongo unaweza kutoka kwenye faini ukaingia kwenye jinai, maana kuchafua maji kumo kwenye sheria ya makosa ya jinai na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5.

Sasa wenyeji wanaoshea wapi? Wengi wanaenda vituo vya kujihudumia, na mimi napenda hivyo kuliko mashine za kupita na gari. Unaingiza gari kwenye kibanda kilicho wazi mbele na nyuma, ukutani kuna boksi la kutumbukiza sarafu, unatumbukiza euro 1 na saa inaanza kurudi nyuma hapo hapo, kwahiyo kabla hujatumbukiza jipange kabisa, toa kapeti, funga vioo, jua unaanzia wapi. Kuna swichi ya kuzungusha, unaanza na presha ya sabuni, unakuja brashi ya povu, unasuuza, unapiga waksi, alafu mwisho kuna maji yaliyotolewa chumvichumvi na chokaa, hayo yakikauka hayaachi yale madoa meupe hata usipofuta. Halafu hiyo brashi, kabla hujaigusisha kwenye bodi ipige presha kwanza yenyewe, maana aliyetangulia huenda katoka kuosha gari ya shamba na mchanga umebaki kwenye nywele za brashi, huo ndo unaochora rangi. Ukiwa mwepesi unamaliza kwa euro 4 mpaka 6. Mashine ya kupita na gari ni kama euro 10 mpaka 20 kutegemea umechagua programu gani. Vituo vingi vimeweka bango la kukataza ndoo yako mwenyewe na kukataza kuosha injini, yasome.

Chini ya pale unaposimama kuna wavu wa chuma, maji yote yanaingia humo. Kuna shimo la kwanza mchanga na tope vinazama, kuna chemba nyingine mafuta yanaelea juu yanabaki pale, na maji yanayobaki ndo yanaruhusiwa kwenda bomba la maji taka. Hizo chemba zinakaguliwa, zinanyonywa, na uchafu wake unapelekwa sehemu maalum, na gharama ya hayo yote imo ndani ya ile sarafu yako. Nikielewa hivyo siumii kulipa, naona ni haki kabisa.

Jumapili usiitegemee, majimbo kadhaa vituo vinafungwa kwa sheria ya kulinda siku za mapumziko. Bavaria walilegeza mwaka 2022, halmashauri ikikubali kituo kinafungua kuanzia saa sita mchana. Kwahiyo kabla hujapanga ratiba yako angalia jimbo lako linasemaje.

Sasa kuna jambo nataka ulielewe vizuri kwasababu linawachanganya sana watu wanaohama hama. Marekani ukisoma ushauri wa serikali kwa wenye nyumba wanakwambia kama lazima uoshe nyumbani basi sogeza gari kwenye nyasi. Ujerumani hizo hizo nyasi ndo sehemu uliyokatazwa kuliko zote! Mmoja anaruhusu, mwingine anakupiga faini, na wote wana hoja. Mmarekani anaogopa mtaro wa barabarani, kwasababu mitaro ya mvua kwenye miji yao mingi inaenda moja kwa moja mtoni au ziwani bila kusafishwa, kwahiyo bora maji ya sabuni yanyweke kwenye udongo yachujwe. Mjerumani sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa inatoka ardhini, kwahiyo kitu kinachonyweka kwenye udongo ndo kinachomtisha. Uchafu ni ule ule wa breki, tairi na oili, wanatofautiana tu wanalinda maji yapi. Ukilijua hili, ukifika nchi yoyote mpya unajua swali la kuuliza.

Marekani kwenyewe bei imehamia kwenye malipo ya mwezi, kama dola 20 mpaka 40 unaosha kila ukipita, wanasoma namba ya gari geti linafunguka. Kwa mtu anayeosha mara moja kwa mwezi hiyo ni hasara, lipia moja moja tu, na wakikufutia kwa mkono wape bakshishi ya dola kadhaa, wale vijana wanaitegemea. California wao ukame umewafundisha, vituo vya mashine vilivyojengwa baada ya mwanzo wa 2014 sheria inavitaka virudishe kutumia angalau asilimia 60 ya maji, na kwenye ukame wa 2022 kuosha gari kwa mpira wa maji usio na kichwa cha kufungia maji ilikuwa marufuku jimbo zima. Kuna kaunti zimebana hata zile harambee za wanafunzi kuosha magari kwenye maegesho, kwa sababu ile ile ya mtaro.

Uingereza ni tofauti kidogo na hapa nitasema kwa uchungu. Kuosha gari yako nyumbani hawakukatazi, labda kuwe na zuio la mipira ya maji wakati wa ukame, hapo ukikamatwa na mpira faini inafika pauni 1,000 ila ndoo unaruhusiwa. Biashara ndo inabanwa, lazima iwe na kibali cha kampuni ya maji kumwaga maji machafu kwenye bomba la maji taka. Sasa utakuta pembeni ya barabara au kwenye kituo cha mafuta kilichokufa vijana watatu wanne wanakuoshea kwa mkono kwa pauni 5 au 6, kazi safi, haraka, na wewe mgeni utafurahi. Piga hesabu kidogo. Watu watatu dakika 15 ni dakika 45 za kazi, na kima cha chini cha mshahara kwa saa kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa mwenye miaka 21 kwenda juu, kwahiyo mishahara peke yake inapita pauni 9, hujaweka sabuni, maji, pango wala kodi. Hiyo tofauti kuna mtu anailipa, na ni yule kijana mwenye viatu vilivyolowa kwenye baridi. Mwaka 2018 kamati ya Bunge lao iliandika ripoti nzima kuhusu hizi sehemu, unyonyaji wa wafanyakazi pamoja na maji machafu kuingia mitoni, na mwaka huo huo makanisa ya Anglikana na Katoliki yakatoa programu ya simu ya wateja kuripoti wanachokiona. Mimi nilihama pale nilipokuwa naosha baada ya kuona kijana hana glavu anashika dawa ya rimu, vidole vimechubuka, nikamuuliza analala wapi akaangalia kwanza bosi yuko upande gani ndo akanijibu. Tafuta sehemu yenye bei iliyoandikwa, wanaotoa risiti, wafanyakazi wenye buti na glavu. Utalipa zaidi, lipa tu.

Kuna aliyeuliza hapo juu kuhusu Dubai. Kule kosa lenyewe ni gari CHAFU, ukiitelekeza na vumbi kwenye maegesho ya umma manispaa inabandika notisi na faini yake ni dirham 500, usipoitoa wanaivuta. Kwahiyo ukisafiri likizo acha ufunguo kwa mtu au lipia maegesho ya ndani. Na kumpa kazi kijana wa ndoo barabarani kule hawaruhusu.

Cape Town nayo mwaka 2018 ilikuwa kinyume chake kabisa, kwasababu ya ukame, tangu tarehe 1 Februari kila mtu alikuwa na lita 50 tu kwa siku za kila kitu, na gari kuiosha kwa maji ya bomba la mji ilikuwa marufuku, watu walikaa na magari ya vumbi au wakatumia dawa za kufutia zisizohitaji maji.

Kwa wewe unayeenda Ujerumani, la mwisho na usilipuuze, ni chumvi. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na inakula chesesi kimya kimya, kwahiyo miezi hiyo chagua programu inayoosha chini ya gari hata ikiongeza euro kadhaa. Ukimaliza futa zile raba za milango zikauke kabisa kabla hujafunga, kukiwa chini ya sifuri mlango unaganda na ukiuvuta kwa nguvu raba inachanika. Ukishajua mji unaohamia andika hapa, kama nimewahi kukaa karibu nitakuelekeza vituo vilivyo wazi usiku.