Maswali ya Wasomaji: Mita Inakula, au Nyumba Inavuja?

*Nina nyumba ya vyumba vitatu Kiembesamaki, mita ya TUKUZA (ya kununua umeme kabla ya kuutumia). Mpangaji aliyehama alilalamika kila mwezi kuwa mita inakula umeme. Kabla sijampa mwengine ufunguo, nitajuaje kama alisema kweli?* (Mwenye nyumba, Kiembesamaki)

Bibi, anza na mita kabla hujamlaumu mtu. Chomoa kila kitu: friji, televisheni, chaja. Kuzima tu hakutoshi. Swichi kubwa iache imewashwa, kisha itazame taa ndogo nyekundu ya mita. Ikitulia, hakuna umeme unaokwenda. Ikipepesa, kuna kitu kinakula nawe hukioni.

Hapo zima breka moja baada ya moja. Ile itakayoituliza taa ndiyo yenye ugonjwa. Mara nyingi ni hita ya maji, au waya wa pampu uliofukiwa ardhini bila bomba. Koili ya hita ikipasuka, umeme hupita kwenye maji na kushuka kwa waya wa ethi, na uniti zinakwenda mchana na usiku. Nyumba isiyo na ethi ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeoga ndiye anayegeuka waya. Mwambie fundi apime mpira wa waya kwa mashine ya volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, waya huo ubadilishwe.

Na kama umezima hata swichi kubwa, taa bado inapepesa? Basi huenda kuna waya umechukuliwa kati ya mita na swichi: taa ya uani, kibanda cha nje, pengine duka la jirani. Usiuguse. Hauna breka ya kuukata, kwa hiyo waite ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.

Nyumba ikishakuwa safi, pima vyombo. Pembeni ya taa pameandikwa imp/kWh, yaani taa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, gawa 3,600 kwa idadi ya sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Jawabu ni wati. (Ikiwa ni 1600, gawa 2,250.) Washa kiyoyozi peke yake: taa ikipepesa kila sekunde 4, kinavuta wati 900, na kisipopumzika kwa saa 8 ni uniti 7.2 usiku mmoja. Kiyoyozi kizima kwa kawaida hupumzika. Kisichopumzika kinapoza mtaa, na hapo tazama madirisha ya luva, uwazi chini ya mlango, na chujio lililojaa vumbi. Karibu na bahari chumvi hula mapezi ya mashine ya nje. Yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila miezi mitatu.

Friji iache saa 24 peke yake. Ya wastani hula uniti 1 hadi 1.5. Ikizidi 2, bana noti kwenye mlango wake kisha uivute: ikitoka kama hakuna kitu, mpira umekufa. Usinunue friji mpya kwa sababu ya mpira.

Matokeo yaandike kwenye karatasi ya mkataba, pamoja na namba ya mita na uniti zilizobaki siku ya kukabidhiana, mtie saini nyote wawili.

*Nauza nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe. Mnunuzi anasema kuta zina unyevu na viyoyozi havipozi. Nipige plasta ya saruji?* (Msomaji, Malindi)

Hapana. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji ya ardhini kisha huyatoa hewani. Ukizifunika saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi inabandua plasta, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Kiyoyozi nacho kinatumia nguvu nyingi kukamua unyevu kabla hakijapoza hewa. Rekebisha kwanza mifereji ya paa na mabomba yanayovuja, bandua saruji ya zamani, kisha piga chokaa moja kwa mchanga tatu. Kibali kiombe Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla fundi hajapanda ngazi.

*Kaka yangu anapangisha flati London na amedaiwa cheti cha nishati. Nami nipangishe kwa cheti kama hicho?* (Msomaji, Wete)

Cheti cha Uingereza hudumu miaka 10, na nyumba hupewa daraja A hadi G. Kwa kawaida flati iliyo chini ya E haipangishwi, isipokuwa iwe na msamaha uliosajiliwa. Lakini kimetungiwa baridi: mkaguzi anauliza joto linatorokea wapi. Wete swali ni joto linaingilia wapi, na jawabu lake liko juu ya kichwa chako. Bati tupu la saa nane mchana huchoma chumba hadi usiku. Ukaguzi wako uwe huu: kuna dari? Kuna matundu ya hewa yenye wavu kati ya dari na bati? Madirisha yanapokea kaskazi na kusi, au yote yametazama upande mmoja? Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, weka dari. Rangi nyeupe juu ya bati ifuate.